Bangili za Dada Kwenye Kaseti

Shemeji yangu, mume wa marehemu dada yangu, ni fundi wa redio, na mtaa mzima unamwita Masikio. Jina hilo alijitafutia mwenyewe kwa kujisifu. Ukimpelekea redio, ataisikiliza mara moja tu na kukutajia ugonjwa wake kabla hajagusa bisibisi. Mara nyingi anapatia. Akikosea, anasema redio imemdanganya.

Dada alipofariki, sauti yake ilibaki kwenye kaseti moja tu. Aliirekodi zamani, mumewe alipokuwa akifanya kazi mbali, ili apate habari za nyumbani. Hakuna la maana humo. Analalamikia bomba linalovuja, ananisengenya mimi, anacheka, na muda wote bangili zinagongana, kwa sababu dada hakujua kuongea bila mikono. Kwetu sisi wawili hiyo kaseti ilikuwa mali kuliko nyumba.

Waombolezaji walipoondoka, Masikio alijifungia kwenye chumba cha mbele, ndiyo karakana yake, akaanza kuunda amplifaya. Si hizi za kisasa. Alitaka ya valvu, vile vichupa vya kioo vya redio za zamani vinavyowaka ndani kama kibatari. Alisema sauti ya valvu ina joto, na dada yangu hakuwa mtu wa baridi.

"Nataka nimsikie kama yumo humu ndani," aliniambia. "Sitaki sauti ya mtu wa kwenye simu."

Akafanikiwa. Siku aliyoniita nisikilize, jamani, niligeuka kutazama mlango nikidhani dada kaingia. Nililia mpaka kamasi zikanitoka. Laiti angeishia hapo! Lakini fundi haridhiki. "Bado kidogo," alisema. Akabadilisha valvu, akacheza kaseti. Akairudisha ile ya kwanza, akacheza tena. Kisha zikafuata kapasita, nyaya, hata spika, na kila kifaa kilipoguswa dada alizungushwa upya kuanzia kwenye bomba lake linalovuja.

"Kwa nini hupimi kwa muziki kama mafundi wenzako?" nilimuuliza.

Alinitazama kana kwamba nimemtukana. "Shemeji, mashine unaipima kwa sauti unayoijua barabara. Mimi naijua moja tu."

"Basi toa nakala, upimie hiyo. Si ndivyo unavyowahubiria wateja wako?"

"Nakala inapunguza. Sitaki dada yako apungue."

Ningebisha na nani? Mtu mwenyewe kichwa ngumu, na mimi nilikuwa nakuja kula chakula chake na kumsikiliza dada bure.

Miezi ikapita, Masikio akaanza kununa. Alidai bangili hazilii vizuri. Akailaumu valvu, akaitupa, akapata nyingine kutoka kwenye redio mbovu ya sokoni. Leo anaisifu, wiki ijayo anaitukana. Baadaye kicheko kikawa kama kinatoka chini ya blanketi. Kadiri dada alivyofifia ndivyo yeye alivyozidi kubadilisha vifaa, na kila alipobadilisha aliicheza kaseti. Nilimtania kwamba labda uzee umemwingia masikioni.

Ikawa mchana mmoja, jirani yetu, mama mmoja fundi cherehani, akaleta kaseti ya siku ya kuzaliwa ya mjukuu wake. Redio yake ilikuwa imeitafuna. Masikio akaunga utepe, akaitia kwenye mashine yake ahakikishe. Chumba kikajaa watoto. Vijiko viligonga glasi, na mtu fulani alikuwa na funguo mfukoni. Tulizisikia moja moja.

"Weee, Masikio!" yule mama akapiga makofi. "Mashine gani hii? Kama nipo palepale!"

Masikio akaitoa kaseti, akamsukumia bila kumtazama. Jirani alidhani ni maringo, akachukua kaseti yake, akaenda zake akicheka.

Masikio akamweka dada. Ikatoka sauti nzito ya mwanamke anayeongea nyuma ya ukuta. Bangili hazikuwepo kabisa. Akaitoa kaseti, akauvuta utepe kidogo, akauelekeza dirishani. Ulikuwa umesuguliwa mpaka unang'aa.

"Amplifaya ni nzima," alisema. "Ilikuwa nzima tangu siku ile uliyolia."

Nikaichukua kaseti, nikaanza kuurudisha utepe ndani kwa kidole.

"Nimemmaliza mwenyewe, shemeji. Mafundi wote wanajua utepe unalika. Mimi nilisahau kwamba na yeye ni utepe."

Akalia kwa sauti, mtu mzima yule, paji la uso likiwa juu ya meza ya kazi. Nikamshika bega. Alipotulia akaniambia, bila kuniangalia, "Nyinyi ni damu moja. Hebu nenda jikoni uniite, kama alivyokuwa akiniita chakula kikiiva."

Nikaenda. Nikasimama karibu na jiko, nikakohoa, nikaita.

Akajibu kutoka karakanani kwa upole, ule upole anaompa mteja ambaye redio yake haitengenezeki: "Asante, shemeji. Basi, inatosha."

Sikurudi mara moja. Nilijaribu kukumbuka dada alivyokuwa akiniita mimi. Jina nililipata, sauti haikuja.