Hajasukuma, Hapandi

Lilinigharimu milioni moja na elfu sitini. Milioni ni ya gari, elfu sitini ni ya kulivuta kutoka Mabatini hadi kwangu Buswelu. Nimejumlisha mara mbili, haipungui. Usinihurumie mapema, fundi alianzia mbali zaidi.

Nilikuwa nimefunga duka langu la vitenge, napita gereji ya jirani, nikaliona: Pijo ya zamani, rangi ya maziwa, mtungi wa gesi ya kukatia chuma umesimamishwa pembeni yake. Kwenye mlango wa nyuma kulikuwa na kibonde, bati limebonyea. Nilikijua kibonde kile. Kiliachwa na beseni la dagaa la bibi yangu.

"Fundi, hili linakwenda wapi?"

"Vipande vipande, mama. Milango ina mteja, vioo vina mteja. Bodi chuma chakavu."

"Na likienda zima?"

Akaniangalia viatu kwanza. "Milioni moja na laki sita."

"Kwa gari lisilo na starta?"

"Umejuaje halina starta?"

Nilijua, rafiki yangu, kwa sababu starta ile ilikufa kabla sijaanza darasa la kwanza.

Tulikaa Pasiansi, juu kwenye mawe, na gari lilikuwa la jirani yetu, mzee aliyestaafu kazi ya melini. Alikuwa analiegesha kwenye mteremko, pua inatazama ziwa, na jiwe mbele ya tairi. Jumapili asubuhi akipiga honi mara mbili, watu walitoka majumbani na uji mdomoni. Sheria yake ilikuwa moja: hajasukuma, hapandi. Hata bibi alisukuma, mkono mmoja kwenye gari, mwingine umeshika beseni kichwani, maana baada ya ibada alikuwa na wateja wake. Kazi yangu ilikuwa kuondoa jiwe.

Likishaguruma, mzee hakuthubutu kusimama, lingezima. Kwa hiyo tulidandia likiwa linakwenda, magauni ya kanisani yakipepea, moshi wa buluu na harufu ya dagaa vimetufuata mpaka ndani. Siku moja niliachwa. Nilibaki njiani nimekumbatia jiwe, nikisikia vicheko vyao vikipotelea kwenye kona. Waligundua sipo wakiwa wameshafika kanisani. Tangu siku hiyo mzee alituhesabu kwa sauti, mara mbili, huku anaendesha. "Sita. Tena: sita." Wateja wangu wanadhani tabia hii ya kurudia hesabu ni ubahili. Niliipata mle ndani.

Mara ya mwisho tulilisukuma alfajiri, kumpeleka bibi hospitali. Alikuwa amelazwa kiti cha nyuma, amefunikwa kanga mbili. Akatutazama kupitia kioo tunavyohema.

"Leo napanda bure," akasema, na mzee akacheka hadi akakosea gia.

Hatukurudi naye. Baadaye mzee naye akaondoka, wanawe wakauza nyumba na gari, na pale palipokuwa na mteremko sasa pana ukuta wa mtu na geti jeusi. Waliokuwa wakisukuma, wengine wako Dar, wengine Geita, wengine sina pa kuwapigia simu.

Basi nikasimama na fundi yule mpaka jua likapungua ukali. Nilimtajia kutu, nikamtajia matairi, nikamtajia na viti vilivyoliwa na panya. Alipofika milioni akasema, "Mama, wewe si mteja, wewe ni adhabu." Nikalipa kabla hajabadili mawazo.

Gari sasa liko uani kwangu. Kiwanja ni tambarare kama meza, kitu ambacho katika kubishana kote kule sikukifikiria hata kidogo. Nimeliwekea jiwe mbele ya tairi hata hivyo. Jioni nakaa kiti cha nyuma na chai yangu, upande wenye kibonde.

Juzi fundi alipita, akaongea kama mtu anayeleta zawadi: "Nakufungia starta ya gari jingine, mama. Unawasha mwenyewe, huhitaji mtu."

Nimehesabu wa kusukuma waliopo hapa nyumbani. Mmoja. Tena: mmoja. Naomba ushauri wako, wewe uliyewahi kusukuma gari la mtu: nimwambie aifunge?