Mtu Asiyedanganywa

Mwaka wa 1991, aliyetaka kumpata Kiogora asubuhi alisimama kando ya barabara ya Githongo, karibu na krashi. Krashi ni kichochoro cha magogo chenye upana wa ng'ombe mmoja, na wafugaji wa Imenti, huko Meru, walizijenga wenyewe, kila kijiji yake. Mwenye ng'ombe aliyepata joto alimwingiza humo mapema, akamtupia majani ya kumtuliza, akangoja Landrova ya serikali. Kiogora alishuka na mtungi wake wa mbegu unaofuka baridi, akavaa glavu iliyofika begani, akafanya kazi ya fahali kwa dakika chache, akanawa, akaenda krashi inayofuata. Watu walimwita daktari. Hakuwa daktari. Alikuwa na cheti, koti jeupe, na sifa ya kuwa mkono wake haukosi.

Alikuwa amekaribia miaka arobaini na alijiona amekwama. Kazi haikumchukiza, lakini haikumpeleka popote. Mwenzake aliyesoma naye alikuwa na ofisi Nairobi. Mwingine, tena aliyekuwa nyuma yake darasani, alikuwa na dereva. Kila mwaka Kiogora alingoja aitwe, na kila mwaka walioitwa walikuwa wengine. Jioni alirudi nyumbani, na mkewe, Karwirwa, alimsoma usoni.

"Leo nani amepandishwa cheo?" alimuuliza.

"Hakuna."

"Basi kula."

Mwezi wa tatu, Bwana Kivuti akaja. Alikuwa ofisa wa mifugo kutoka makao makuu ya mkoa, mjini Embu, mtu mnene mwenye heshima zake, aliyezungumza Kiswahili polepole kana kwamba anakivusha mto. Alimkuta Kiogora kwenye krashi ya Katheri, mkono mmoja ukiwa ndani ya ng'ombe.

"Maliza tu," Kivuti alisema. "Nimekuletea kiti."

"Kiti, bwana?"

"Kiti na meza, na dirisha linaloangalia barabara. Utasimamia huduma hii mkoa mzima. Nani mwingine anaijua kama wewe?"

Kiogora alitoa mkono, akavua glavu. Kivuti alimvuta kando, mbali na masikio ya wenye ng'ombe, akamwambia upande wa pili wa habari. Mafuta ya magari yalikuwa hayapatikani tena. Landrova ya Githongo ingesimamishwa mwezi wa sita, na baada ya hapo wafugaji wangejitafutia njia yao.

"Usipokuja Embu, sina mahali pa kukuweka. Nasema nawe kama ndugu. Mwisho wa mwezi huu nataka jibu."

"Utalipata, bwana."

Kuanzia siku hiyo Kiogora alikuwa na jibu kwa kila aliyeuliza, na kila mtu alipewa lake. Alimwambia Karwirwa kwamba watahama, na Karwirwa akaanza kuulizia shule za watoto Embu. Alimwambia mama yake mzazi kwamba hawezi kuacha shamba la baba. Wafugaji aliwaambia mambo bado. Alimwambia dereva wa Landrova kwamba wakubwa wasimchezee, yeye si mtu wa kuhamishwa kama debe. Wala hakuwa akikusudia kumdanganya mtu. Kila alilosema aliliamini lilipokuwa likimtoka mdomoni, kisha likapoa, naye akabaki mahali pale pale, katikati ya njia mbili, akijikuna kichwa.

Siku ya soko akakutana na Misheck.

Misheck alikuwa mchuuzi wa viazi kutoka Kibirichia. Pale sokoni Gakoromone alikaa juu ya magunia yake kama chifu wa zamani, akitukana bei za wenzake na kuwachagulia wateja wake viazi visivyochaguliwa. Yeye na Kiogora walikuwa giciaro. Koo zao mbili zilikula kiapo cha udugu tangu enzi ambazo hakuna aliye hai anayezikumbuka, na kiapo hicho hurithiwa kama pua. Watu wa giciaro hawaoani. Giciaro wako akikuomba kitu, humnyimi. Na zaidi ya yote, humdanganyi. Mtu wa Meru anaweza kumdanganya karani, mnunuzi wa kahawa, hata mchungaji wake akibanwa sana, lakini giciaro wake hamdanganyi, maana madhara yake humfuata yeye na wanawe na ng'ombe wake. Ndiyo sababu mwenye jambo la kuficha humkwepa giciaro wake sokoni. Kiogora siku hiyo hakukwepa, kwa kuwa hakujua kwamba ana jambo la kuficha.

"Muuga, giciaro!" Misheck alimsalimu kwa sauti. "Mwanamume wa ng'ombe wote wa Imenti! Nasikia unatuhama."

"Umesikia wapi?"

"Nimesikia. Unahama au huhami?"

"Nahama," alisema Kiogora. Palikuwa na watu, na neno lile lilionekana kuwa zuri mbele yao. "Nimeshakubali. Mwezi wa sita niko Embu, ofisini."

"Ofisini! Na hicho kitambi utakipata wapi? Wenye ofisi huja nacho." Wanawake waliouza karoti karibu naye walicheka. Kisha Misheck akainama, sauti ikashuka. "Basi ile nepia yako ya kando ya mto, majani yote yale, nani atayala? Uniachie mimi. Nina ng'ombe wawili wanaoniangalia vibaya."

Ombi la giciaro halikataliwi. "Ni yako," Kiogora alisema. "Kata."

Alinunua viazi, akaenda zake. Nyumbani alikataa chai. Karwirwa alimgusa paji la uso, hakukuta homa. Usiku ule hakupata usingizi.

Kesho yake, kwenye krashi ya kwanza, mtamba mweusi alimpiga teke la goti. Lilikuwa teke la kawaida, alishapigwa mengi, lakini alikaa chini kwenye nyasi na jasho likamtoka. Kwenye krashi ya pili mtungi ulimponyoka nusura umwagike. Akaanza kuwaza watoto wake, mmoja mmoja, walikuwa wapi saa ile na walikuwa wakifanya nini.

"Daktari, unaumwa?" aliuliza mwenye ng'ombe, mama mmoja mfupi aliyeitwa Ednah.

"Siumwi."

"Mbona umesimama hapo na glavu mkononi kama mtu anayesubiri kusalimiwa?"

Alivaa glavu. Mkono wake ulipokuwa ndani, ukitafuta njia yake bila yeye kuufikiria, alianza kujicheka. Alikuwa Mmethodisti, alisoma sayansi, alijua ng'ombe anapiga teke kwa sababu gani. Alikuwa anaogopa nini? Aliogopa kilichowapata watu waliomdanganya giciaro, hilo alijua tangu utotoni. Lakini yeye hakudanganya. Aliulizwa kama anahama, akasema anahama. Sasa hofu ya nini?

Hapo mkono wake ukasimama. Ng'ombe akageuza kichwa kumtazama.

Kama angekuwa anahama kweli, asingeogopa. Maneno yale yale alimwambia mkewe, na usiku ule alilala vizuri. Alimwambia mama yake kinyume chake, akalala vizuri pia. Alipomwambia Misheck ndipo mwili ulipokataa, na mwili uliujua ukweli kabla yake: hakuwa na nia ya kwenda Embu. Hakuwahi kuwa nayo, hata siku moja.

"Umemaliza au umelala?" Ednah aliuliza.

"Nimemaliza, mama."

Alimwambia dereva amshushe nyumbani kabla ya krashi za juu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alipokaribia mto alisikia kelele. Misheck alikuwa amekuja na mkokoteni na panga, ameshakata mistari mizuri ya nepia, na Karwirwa alikuwa amesimama mbele yake mikono kiunoni.

"Hata ng'ombe wangu hawajahama bado na wewe unawanyang'anya chakula!"

"Mama Mwendwa, muulize mumeo. Mimi nilipewa."

"Mume wangu anagawa nepia aliyoipanda nani? Mgongo uliouma ulikuwa wa nani?"

"Misheck," Kiogora alisema, "weka panga chini. Nilikudanganya."

Misheck aliliweka panga kana kwamba limepata moto. Alikaa kwenye ukingo wa mkokoteni. Utani wote ulimtoka usoni.

"Rudia."

"Nilikwambia nimekubali kazi ya Embu. Sijakubali. Siendi."

"Mimi giciaro wako ukaniambia hivyo, sokoni, mbele za watu?"

"Sikujua kwamba ni uongo. Nimejua leo."

Misheck aliuchunguza uso wa Kiogora kama anayekagua kiazi. "Mtu hajui vipi? Sema basi, na useme vizuri, maana sasa nakuuliza kwa kiapo. Unataka nini?"

Kiogora alikuwa ameulizwa hivyo na watu wengi mwezi ule, na kila mara jibu lilikuwa tayari. Sasa ilibidi alitafute kwanza.

"Nilitaka niitwe," alisema. "Miaka yote hii nilitaka waniite. Kwenda sikutaka. Nikikaa kwenye meza Embu nikisoma habari za ng'ombe waliopandishwa na wengine, nitakuwa kama mchungaji asiye na kanisa. Napenda kazi hii. Nilikuwa naona haya kuipenda, kwa sababu haina cheo."

"Na Landrova ikisimama?"

"Nitafanya mwenyewe. Nitatafuta mtungi, nitatafuta pikipiki. Baiskeli, ikibidi. Sijui kama itawezekana. Hilo nalo ni kweli, sijui."

Misheck alishusha pumzi. Lakini Karwirwa ndiye aliyesema, na hakupaza sauti.

"Mimi nimeolewa nawe, nimekuzalia, nimelifua hilo koti mpaka mikono ikachubuka. Mimi uliniambia tunahama, nikaulizia shule. Usiku ule ulikoroma. Umemdanganya huyu muuza viazi na umekosa usingizi. Ina maana mimi nadanganyika, yeye hadanganyiki?"

Kiogora aliokota panga, akalirudisha kwenye mkokoteni.

"Basi kuanzia leo na mimi ni giciaro wako."

"Haiwezekani, mama," Misheck alisema kwa upole. "Giciaro hawaoani. Itabidi akuache kwanza."

Karwirwa alimtazama, akataka kukasirika zaidi, akashindwa. Kicheko kilimponyoka puani. "Wewe chukua hiyo nepia uliyoikata uende. Iliyosimama, ukiigusa, tutaona kiapo kipi kina nguvu."

Misheck alikubali. Kwa kosa lile angeweza kudai mbuzi, na watu wangesema ana haki. Alidai kitu kimoja tu, kwamba Kiogora aende Embu mwenyewe akamwambie mkubwa wake kwa kinywa, bila kumtuma mtu. "Na usije ukamwambia kwamba mama yako ni mgonjwa. Nakujua."

Wiki ile Kiogora alienda. Ofisi ya Kivuti ilikuwa na dirisha kweli, na barabara ilionekana. Kiti kilikuwepo, kipya, bado kina nailoni yake.

"Hapana?" Kivuti aliuliza. "Umetoka Meru kuja kuniambia hapana?"

"Ndiyo, bwana. Nashukuru sana kwa kuniita. Nilikuwa nangoja hilo. Lakini kazi yenyewe siitaki."

"Nani amekushauri? Mkeo?"

"Hapana. Mke wangu angependa kiti."

Kivuti aligonga kalamu mezani. Alisema kuna kijana wa Runyenjes ambaye angeikubali kazi hiyo kabla hajamaliza kusikia jina lake. Alisema mwezi wa sita ni mwezi wa sita, na hatamwonea huruma. Kisha alipokuwa akimsindikiza mlangoni alisimama, akasema kwamba magari yakifa, mitungi itabaki stoo ikila vumbi, na kwamba mwenye kuandika ombi mapema huenda akafikiriwa. Huenda. Hakuahidi.

Landrova ilisimama kama alivyosema. Mwezi wa saba Kiogora alianza kupita njia ile ile na baiskeli, mtungi wa kuazima kutoka stoo ya serikali umefungwa nyuma kwa mipira ya tairi. Karwirwa alikuwa ameuza ng'ombe mmoja ili baiskeli ipatikane, na hakumficha kwamba uamuzi ule bado unamuuma. Milima ya Githongo haikumhurumia. Krashi nyingi zilikuwa tupu. Wengine walikuwa wamerudia fahali wa jirani, wengine hawakujua kama kuna mtu anayekuja. Siku za kwanza alirudi nyumbani bila kufungua mtungi.

Kwenye krashi ya Katheri asubuhi moja alimkuta Ednah peke yake na ng'ombe wake.

"Serikali iko wapi?" Ednah aliuliza, akichungulia nyuma ya baiskeli kana kwamba Landrova imejificha huko.

"Imebaki Embu."

"Na wewe?"

"Mimi nimekuja."

Alivaa glavu, akampima ng'ombe. Alimpima tena, taratibu. Kisha akatoa mkono.

"Huyu hana joto, mama. Limeshapita. Mngoje wiki tatu, ukimwona anapanda wenzake asubuhi, nitumie mtu."

"Umepanda mlima wote huo na baiskeli uje kuniambia hapana?"

"Ndiyo."

"Si ungemtia mbegu tu, nikulipe, nirudi nyumbani nikiwa na raha?"

"Ungerudi na raha ya wiki tatu."

Ednah alimfungulia ng'ombe, akamchapa mgongoni kwa kiganja, akaondoka akinung'unika. Hatua chache mbele aligeuka.

"Wiki tatu," alisema. "Jirani yangu naye ana mmoja aliyelia usiku kucha. Nimwambie akuletee?"

"Mwambie nipo hapa mpaka saa nne."