Daraja Nililolijenga Ofisini kwa Mheshimiwa

Siku moja nilisikia utafiti wangu ukisomwa bungeni na mtu ambaye hatujawahi hata kusalimiana naye.

Neno kwa neno. Hata mfano wa punda, niliouchomeka kwa utani, akausema.

Nilikuwa mwaka wa mwisho chuoni, nafanya mafunzo ya utafiti ofisini kwa mbunge. Kazi yangu kuchimba takwimu na kuandika muhtasari, mheshimiwa aende nao bungeni akawake. Mwisho anisainie fomu, nipate digrii. Bila saini, sina digrii.

Sasa yule msomaji alikuwa hasimu wa mheshimiwa. Wakikutana bungeni wanararuana mpaka Spika anawakalisha.

Muhtasari wangu ulimfikiaje?

Wiki iliyofuata ikatokea tena. Katibu muhtasi akaanza kunitazama kwa jicho la pembeni.

"Mdogo wangu, kabla hujaja hapa hapakuwa na panya."

"Dada, ningekuwa nauza siri ningevaa viatu hivi?"

Akaviangalia. Hakucheka.

Mimi nikamshuku yeye. Nikamshuku na dereva, anayebeba makabrasha na kuongea na simu amegeukia ukuta.

Nikatega. Kopi tatu, kila moja na mradi wa kutunga. Ya katibu, kisima. Ya dereva, zahanati. Ya mheshimiwa nikachomeka daraja, utundu tu, nitamtonya kabla hajaingia ukumbini.

Nikachelewa. Kashaingia.

Tukakaa watatu mbele ya televisheni ya ofisi. Hasimu akasimama.

"Mheshimiwa Spika, kwa nini lile daraja limekwama?"

Kopi ya daraja alikuwa nayo mtu mmoja tu.

Nikajua sasa bosi atashangaa. Wapi! Akainuka, kakunja uso, akagonga meza.

"Daraja hilo limefikia asilimia themanini. Anayebisha akalitazame."

"Liko wapi hilo?" dereva akauliza. "Mbona mimi ndiye namwendesha na sijaliona?"

Katibu akanigeukia taratibu. "Mdogo wangu, nisamehe."

Jioni mheshimiwa akaniita. Simu yake ilikuwa mezani, sauti juu, na hasimu anacheka humo ndani.

"Shemeji, leo tumetikisa. Redio zote ni sisi."

Mheshimiwa akakata.

"Mheshimiwa, lile daraja halipo. Nililitunga mimi."

Akanitazama weee. Akaichukua fomu yangu, akaikunja mara mbili, akaitia mfukoni.

"Halipo, ee? Basi na wewe kijana hukuwahi kuwepo hapa."

Ndiyo maana mpaka leo mama akiulizwa kuhusu digrii yangu anasema iko njiani. Daraja lenyewe linaendelea vizuri, juzi nimesikia limefika asilimia tisini.

Ukiona watu wawili wanagombana na hakuna anayekwama kwenye maneno, usikimbilie kuamulia. Uliza kwanza nani kawaandikia.

Hawa niliwaandikia mimi. Wote wawili.