Hirizi ya Mtoto wa Udongo

Binti yangu alirudi kutoka darasa la wadogo shingo tupu. Hirizi aliyofungwa tangu alipotimiza siku arubaini haikuwapo. Nikamwuliza imekwenda wapi.

"Nimemwachia mtoto."

"Mtoto gani?"

"Wa darasani. Amezaliwa."

Darasa lile lilikuwa la misheni, hapa Msambweni, na mimi ndiye niliyempeleka. Mama mkwe wangu alikataa tangu mwanzo. Alisema wale huanza na nyimbo, kisha hufuata maji ya kichwani. Nikamjibu kwamba mimi nimesoma sekondari Mombasa na hakuna aliyenibatiza. Mtoto ajifunze kuhesabu na kushika penseli, jioni aende chuoni akasome Kurani kama wenzake. Tukakubaliana kwa shingo upande: siku dini yao ikimgusa, ninamtoa.

Nami tangu ulipoingia mwezi wa Krismasi nilikuwa macho. Alileta mnyororo wa karatasi za rangi. Nikasema sawa, anahesabu pete. Akaleta nyota ya ukindu. Sawa, bibi yake naye husuka mikeka. Halafu akaja na usufi kiganjani, akaniambia ni theluji, wameibandika kwenye tawi la mvinje. Mwalimu wao ni mama wa Kitaita. Theluji ameiona wapi? Mtu anayeweza kuwaaminisha watoto wa Msambweni theluji anaweza kuwaaminisha lolote. Nikawa kila akirudi ninampapasa nywele kama zina umajimaji.

Mama mkwe alipoiona ile shingo hakupandisha sauti. "Wameanza kwa kuvua," akasema. "Linalofuata unalijua."

Asubuhi nilimbeba mdogo wake mgongoni, nikamshika yeye mkono, chai sikuingoja. Mwalimu alikuwa mlangoni akifagia vipande vya karatasi. Siku zote husema "Karibu, mama" kabla sijafika. Siku hiyo aliegemea ufagio, akaitazama mikono yangu kama kwamba nimeficha kitu.

"Hirizi ya mwanangu iko wapi?"

"Ndilo ninalotaka kukuuliza mimi. Umeituma kwangu kwa nini?"

"Nimeituma?"

"Nimeikuta hapo mezani, shingoni mwa mtoto tuliyemfinyanga. Kama una neno nami, mama, niambie kwa kinywa. Usinitumie vitu kwa mkono wa mtoto mdogo."

Nikaingia bila kukaribishwa. Mezani palikuwa na kasha la sabuni lililojazwa nyasi kavu, kondoo wa udongo wamelizunguka, na ndani kitoto cha udongo kimelala. Katikati ya paji lake palikuwa na doa jeusi la makaa, sawasawa na doa la wanja la huyu niliyembeba. Hirizi ilikuwa dirishani peke yake, imefunikwa kwa kifuu cha nazi kama nge.

"Mle ndani mna Ayatul Kursiyyu," nikamwambia. "Maneno ya Mungu unayafunika kwa kifuu?"

"Mimi nitajuaje mna nini?"

"Na mimi nitajuaje humu mnawapa nini wanetu? Nabii Isa ni wetu pia. Kwetu hafinyangwi."

Binti yangu alikwishatupita, yuko mezani. "Shikamoo, mwalimu," akasema, adabu kwanza. Halafu: "Nani amemvua?"

Mwalimu akamgeukia. "Kumbe wewe ndiye uliyemvika?"

"Ndiyo. Amezaliwa juzi tu, na watu wanakuja kumtazama, hata wageni wa mbali, na hakuna anayesema mashallah. Na mama yake amekaa tu, hata wanja hakumpaka."

Mwalimu alikaa kwenye kibao cha watoto, magoti yakamfika kidevuni. Akanigeukia.

"Na wewe ukadhani nimeivua mimi."

"Nilidhani. Na kudhani sijamaliza."

"Hata mimi," akasema.

Alikifunua kile kifuu, akasogea kando nipite. Hirizi yenyewe hakuigusa. Nikamfunga mwanangu shingoni. Akaanza kulia, eti yule atalala bila kinga. Mwalimu akamwambia, "Doa lake sitalifuta." Nilimwangalia usoni nitafute hila iko wapi. Sikuiona, wala sikusema haipo.

Nilimwacha binti pale, nikarudi. Mama mkwe alinipokea uani, akamtazama mjukuu wa mgongoni, kisha mkono wangu uliokuwa mtupu.

"Hukumtoa."

"Hakuna aliyemvua, mama. Ni yeye aliyekwenda kumvika mtoto wao."

"Na maji?"

"Maji sikuyaona."

"Kesho je?"

"Kesho anakwenda. Nami ninakwenda naye, nitakaa mle mle darasani mpaka wafunge shule."

"Haya," akasema. "Ukikaa, kaa karibu na mtungi wa maji."