Maranda kwa Kobe wa Marehemu Mama

Hebu mwone anavyoingia karakana, msomaji wangu: mama wa makamo, dobi wa mtaa wa nyuma, mikono bado ina povu, anasukuma toroli lenye sanduku la mbao linalong'aa vanishi. Amekunja uso, hasalimii mtu. Anapita katikati ya wateja, analiinua sanduku, analipindua. Maranda yanamwagika miguuni pa mdogo wake.

"Kusanya takataka zako!"

Mdogo wake ni seremala. Watu humwita Gundi, kwa kuwa akishika neno lake haliachi.

"Shikamoo, dada," akasema, akijitia hamnazo.

"Marahaba ya nini? Kobe haoni!"

Ngoja nikupe chanzo. Mama yao alipofariki aliacha vitu vichache, na kobe mmoja mwenye ukubwa wa sufuria ya ugali. Dobi akamchukua, kwa sababu ndiye mwenye ua. Gundi akasema haiwezekani kobe wa mama alale kwenye beseni, akamtengenezea sanduku. Kazi safi, tuseme kweli: kona zimeumana, vioo pande mbili ili mnyama aangalie nje, na ndani maranda tele ya mbao nyekundu inayonukia. Ndizo zake Gundi. Ukifuga kuku, sungura, hata mbwa, atakuletea kiroba cha maranda, na ole wako ukikataa.

Kobe akaanza kupiga chafya. Macho yakavimba, yakafumba. Kutwa akawa anasukuma kioo kwa kichwa. Daktari wa mifugo akanusa sanduku, akauliza, "Nani kamlaza kwenye marashi?" Kisha akaeleza: mbao za harufu kali zina mafuta yanayounguza macho na mapafu, vumbi lake nalo baya, na akimeza maranda, tumbo linaziba. Kioo ndiyo kabisa, kobe anaona njia, haoni ukuta. Apewe udongo wa kawaida usiotiwa mbolea wala dawa, wenye kina cha kujifukia. Kuta zisizoonyesha nje. Upande mmoja jua, upande mwingine kivuli.

Yote hayo dobi aliyarudia pale karakana, kwa sauti iliyonyamazisha msumeno wa jirani.

"Nilikwambia anapiga chafya. Ulinijibu nini?"

"Nilisema atazoea."

"Atazoea! Nikulaze wewe kwenye pilipili, uzoee?"

Mteja mmoja akaangua kicheko. Gundi akamgeukia: "Cheka tu. Kitanda chako hakijaisha, utalala chini." Kisha akamrudia dada yake. "Maranda haya yamelea kuku wa mtaa mzima!"

"Kobe ni kuku? Umemwona na manyoya?"

Uso wa Gundi ukaiva. "Alikuwa mama yangu pia, dada. Wewe ulimchukua kobe. Mimi nilikuwa na nini cha kumpa? Maranda. Nikampa mazuri kuliko yote."

Ungedhani atalainika. Wapi! "Basi umemtia sumu kwa mapenzi yako. Akifa, usikanyage kwangu." Akasukuma toroli lake tupu, akaondoka.

Sasa kobe yuko uani, ndani ya ukuta mfupi wa matofali, juu ya udongo mzito. Amejifukia hadi nusu ya gamba. Jicho moja limefunguka, la pili bado. Dobi humsafisha kwa maji ya uvuguvugu huku akisonya, akimlaani seremala kwa jina lake lote.

Kitu kimoja tu hakipo: paa. Na leo mawingu yametanda. Udongo ukijaa maji, mapafu yale yaliyokwisha kuungua hayatavumilia baridi.

Mara hodi. Gundi yuko nje ya lango, begani mbao kavu zisizo na harufu, hazijaguswa na vanishi.

"Dada, fungua. Nimechungulia, kobe hana paa. Niezeke tu, kisha nitaondoka."

Dobi ameshika komeo. Tone la kwanza limeshaanguka. Haya, msomaji wangu, mikono ileile iliyomfumba macho kobe wa mama, wewe ungeifungulia lango?