Mwenyekiti wa Kwanza Mwanamke Kijijini Kwetu

Nafundisha historia Mikumi. Kila ninapofika kwenye mada ya viongozi waliobadilisha maisha ya watu, nawaeleza wanafunzi wangu habari za wale walio vitabuni, kisha nawaeleza za mama yangu mkubwa, ambaye hayumo katika kitabu chochote.

Baba yake alikuja Kilosa kukata mkonge, akabaki. Yeye akaolewa upande wa Zombo, akafiwa na mume mapema, akalima na kulea wanawe peke yake. Alikuwa mwanamke wa kwanza kuwa mwenyekiti wa kijiji chao. Sauti yake ilikuwa ndogo, na hotuba ndefu zilimchosha. Nyumbani alikuwa mkali. Sikumbuki hata siku moja akinisifu.

Kiangazi kimoja nilikuwa kwake likizo. Asubuhi tukasikia kelele upande wa mtoni. Ng'ombe wa familia moja ya wafugaji waliotoka kanda ya ziwa walikuwa wamemaliza mahindi ya jirani yetu. Tulipofika, wakulima wameshika mapanga, wafugaji wameshika fimbo. Mama mkubwa akapita katikati yao, kanga imefungwa kiunoni.

"Shikamoo mama," alisema mzee wa wale wafugaji.

"Weka fimbo chini kwanza, ndipo nikuitikie."

Akaiweka. Mama mkubwa akamgeukia jirani yetu, akamwangalia tu mpaka naye akatupa panga lake.

"Marahaba," akasema. "Haya, ng'ombe wako wanakunywa wapi?"

"Mtoni, mama."

"Na wewe jirani, umelima mpaka wapi?"

"Mpaka mtoni."

"Sasa mlitaka wapite juu kama ndege?"

Mtu mmoja akacheka, wengine wakafuata. Hasira haikuisha, lakini ilipungua. Akaamua mwenye ng'ombe alipe mahindi, na wakulima waache njia ya mifugo. Lakini hakuna mkulima aliyetaka shamba lake liguswe. Mama mkubwa akaenda kwenye shamba lake mwenyewe, akahesabu hatua kutoka mpakani, akachomeka kijiti.

"Shamba langu sasa linaanzia hapa," alisema.

Wanawe walimnunia msimu mzima. Lakini wiki ile ile jirani yetu alitoa kipande chake, wengine wakafuata, na wafugaji wakapanda ua wa minyaa pande zote mbili. Njia hiyo ipo hadi leo. Ugomvi haujakoma kabisa, ila sijasikia tena watu wakishikiana mapanga pale.

Nilimtembelea mara ya mwisho akiwa ameshaanza kuumwa. Nikamwambia kwamba namtaja darasani.

"Unawaambia nini?"

"Kwamba ulikuwa jasiri, mama. Kwamba hukuogopa mtu."

Akatikisa kichwa kama mtu aliyesikia uongo wa mtoto.

"Niliogopa sana. Ungeniangalia vizuri ungeona."

"Sasa kwa nini hukurudi nyumbani?"

"Ningerudi, nani angewatenganisha?"

Alisema hivyo bila majivuno, kama anayeeleza kwa nini aliwahi shambani kabla jua halijawa kali. Tangu siku ile nimebadilisha ninavyofundisha. Wanafunzi nawaambia kwamba aliogopa, na kwamba alikwenda.