Nyumba ya Nyuma ya Hospitali

Wagonjwa humwita Mama Vidonda, naye huitika. Wenzake aliosoma nao wanapasua mioyo na vichwa katika hospitali kubwa kubwa. Yeye amebaki na kliniki ya vidonda sugu, chumba cha mwisho kwenye korido, ambako feni huzunguka mchana kutwa na harufu bado haitoki. Akiulizwa kilichompeleka huko, hucheka na kusema, "Nilizaliwa huko."

Si uongo sana. Nyumba yao ilikuwa nyuma ya hospitali, ukuta kwa ukuta. Baba yake alikuwa fundi wa kushona, na cherehani yake ilikaa barazani ikitazama lango la nyuma la hospitali. Jioni, kengele ya kufunga muda wa kuona wagonjwa ilipolia, watu walimwagika nje, na baba aliwatazama huku mguu ukiendelea kukanyaga. Wenye kwao walikwenda kwao. Aliyebaki amesimama na kifurushi, kama mtu aliyeshushwa kituo kisicho chake, baba alimwita.

"Ndugu yangu, una mwenyeji hapa mjini?"

Jibu lilikuwa lile lile, hapana, na kabla giza halijaingia mgeni alikuwa ameshawekewa maji ya kuoga. Mama hakuuliza mtu atakaa hadi lini. Aliongeza maji kwenye mchuzi na kusema, "Mungu hakosei anwani." Watoto walihamia mkekani. Mmoja wao, kaka yake Mama Vidonda, mwenye ulimi mkali tangu utotoni, alikuwa akinong'ona kwamba wao ndio wageni, wenye nyumba wanakuja jioni.

Mama Vidonda mwenyewe, binti wa nyumba hiyo, naye hakuwa malaika. Alinuna. Kilichomchosha zaidi ni sala ya chakula, maana baba aliwaombea wagonjwa wa wageni wote, mmoja mmoja kwa jina, na chakula kikipoa.

Kisha akaja mzee mmoja, mwashi, mwenye kidonda juu ya kifundo cha mguu kilichomganda kwa miaka. Alitakiwa kwenda hospitali kila asubuhi kufungwa dawa, na kwao kulikuwa mbali. Baba alimshonea suruali yenye mguu mmoja mpana ili bandeji ipite. Lakini kidonda kilinuka. Siku ya kwanza mezani, binti aliziba pua, akachukua sahani yake kuelekea jikoni.

Mama hakumkaripia. Aliinuka na sahani yake mwenyewe, akaenda kuketi karibu na mzee, upande ule ule wa bandeji, akaendelea kula na kumuuliza habari za wajukuu. Binti akasimama mlangoni na sahani yake.

"Mwacheni mtoto," mzee alisema taratibu. "Hata mimi ningepata njia ya kuukimbia mguu huu, ningehama."

Mama alicheka hadi akapaliwa. Binti akajikuta anacheka pia, akarudi kuketi. Mbali kidogo, lakini chumba hicho hicho.

Mwisho wa wiki hospitali haikufunga vidonda, kwa hiyo muuguzi alimfundisha mama kazi hiyo. Jumamosi moja mama alikuwa ameungua mkono kwa mvuke wa sufuria. Akamwita binti yake.

"Nawa mikono. Nawa tena. Haya, fungua polepole."

Alifungua huku amebana pumzi. Kando yake mama alikuwa akinong'ona sala, kama kawaida yake alipohudumia mgonjwa. Kitambaa cha mwisho kiling'ang'ania. Akakilowesha, akangoja, kikaachia. Hapo akasahau harufu. Pembezoni mwa kidonda kulikuwa na utepe mwembamba wa ngozi mpya, laini, ukielekea katikati.

"Mama, hii ni nini?"

"Ndiyo kupona kwenyewe. Sisi tunasafisha njia tu, anayeotesha ni mwingine."

Binti aliinama kutazama hadi mzee akamuuliza kama kuna kitu amedondosha humo.

Tangu siku hiyo kazi ya Jumamosi ikawa yake. Utepe ulizidi kuingia ndani, kidonda kikafunga. Siku ya mzee kurudi kwao, baba aliipunguza suruali, mguu ukalingana na mwenzake, na mzee akatembea hadi langoni na kurudi, makusudi tu, wamwone.

Chuoni binti alijifunza majina ya kitaalamu ya yote aliyoyaona siku ile. Alijifunza pia kwamba vipo vidonda visivyofunga. Dereva mmoja kijana alikatwa mguu ambao binti alikuwa akiuhudumia kwa wiki nyingi, na binti akampigia mama simu kusema sala hazikusikika.

Mama aliuliza, "Umeketi naye?"

"Nimeketi."

"Basi kesho nenda ukaketi naye tena."

Binti alikwenda.

Wazazi wametangulia mbele ya haki. Hospitali ile, ambako ndiko anakofanya kazi sasa, ilipopanuka, kiwanja chao kikajengwa maabara, na akienda kufuata majibu ya wagonjwa anajua hadubini imewekwa pale palipokuwa na jiko. Siku moja alimpeleka kaka yake kupaona. Kaka ana nyumba kubwa sasa, na ulimi ni ule ule. Alizunguka chumba, akatazama sakafu kwa muda.

"Nilikuwa nikiapa kwamba nikipata nyumba yangu, sitakaribisha mtu," alisema. "Nikaipata. Usiku wa kwanza sikulala, kimya kilinizidi. Asubuhi nikamwambia mke wangu, tutafute wageni."